Mbegu ya Pasheni Haisagwi

Ramadhani iliyopita ilinikuta Tanga, kwa shangazi yangu. Kila siku baada ya swala ya Alasiri aliketi uani kwenye kibao, bakuli mapajani, akaandaa juisi ya futari. Blenda ipo kabatini, zawadi ya mwanawe. Kwa pasheni haigusi.

Huanza kwa kuchagua yaliyosinyaa, maana pasheni lenye ngozi laini bado halijakolea utamu. Hulipasua, huchota nyama na mbegu zake, huzitia kwenye chujio. Kisha mgongo wa mwiko wa mti huzunguka taratibu, ukisukuma bila kuponda. Rangi ya dhahabu hushuka tone kwa tone, na mbegu nyeusi hubaki juu, nzima, zinameremeta kama macho ya samaki aliyevuliwa alfajiri.

Siku moja nilimwambia, "Shangazi, lete nisage, dakika moja tu." Alijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, mbegu ya pasheni haisagwi. Ukiisaga, inalipiza kwa uchungu."

Ukwaju nao huuloweka tangu asubuhi, akaufikicha kwa vidole mpaka nyama iachane na nyuzi. Embe dodo hulimenya mwisho. Embe asili yake Asia, pasheni Amerika Kusini, na ukwaju, ingawa Waarabu waliuita tende ya Kihindi, ni mti wa Afrika. Vyote hivyo hufuturisha nyumba moja ya Tanga, kila kimoja na jagi lake: la kahawia, la njano, la dhahabu.

Sukari ndiyo iliyonifunza adabu nikiwa mdogo. Shangazi alinidondoshea juisi kiganjani kabla hajaitia chochote, akasubiri. "Tunda limesemaje?" Nililamba, nikafikiri, nikajibu. Nikisema tamu, kopo la sukari lilirudi rafuni. Nikisema kali, aliongeza kijiko kimoja, akanidondoshea tena. Ndivyo nilivyojua kwamba tunda husikilizwa kwanza.

Leo tunasikiliza nini? Tunapasua pakiti, tunamwaga unga kwenye maji, tunapata wekundu usiotokana na mti wowote, kisha tunawapa watoto na kuuita juisi. Hata tunaponunua matunda halisi, tunayatia blenda pamoja na sukari, hatuonji, hatuchagui. Na pasheni likitoka chungu, tunalaumu shamba.

Mbegu zilizobaki kwenye chujio shangazi huzimwaga kando ya ua. Kwa kuwa ni nzima, huota. Ule mpasheni uliofunika ua wote umetokana na futari za miaka iliyopita.

Wajukuu wake huja Magharibi, majagi yamekwishajaa. Wanakunywa, wanasifu, wanaondoka. Hakuna kiganja hata kimoja kilichokingwa. Na hakuna aliyewahi kuuliza mbegu zimekwenda wapi.