Kumbukizi za Okestra kwa Fletcher Henderson: Uaminifu kwa Noti na Uaminifu kwa Nafasi

Utangulizi

Kumuenzi mwimbaji hakuna utata mkubwa. Sauti yake inajulikana, nyimbo zake zinajulikana, na anayemuenzi huchagua ama kuziimba kama alivyoziimba au kuziimba kwa namna yake. Kumuenzi mpangaji wa muziki ni suala jingine. Mpangaji hupokea wimbo ambao mara nyingi umetungwa na mtu mwingine, huugawa miongoni mwa ala, kisha huwaachia wapigaji waupe uhai. Hadhira humkumbuka mtunzi, huwashangilia wapigaji, na humtambua kiongozi wa bendi ambaye jina lake limechapwa kwenye santuri. Neno lenyewe la Kiswahili linadokeza hali hii, kwa kuwa mpangaji ni yule anayepanga vitu na pia ni yule anayeishi katika nyumba ya mwingine. Uhakiki huu unachunguza jinsi wanamuziki wa Marekani walivyomuenzi Fletcher Henderson (1897–1952), mmoja wa waasisi wa mtindo wa swingi. Unahoji kuwa kumbukizi inayoshika kila noti iliyosikika kwenye santuri ya zamani inaweza kwenda kinyume na kazi inayodai kuitukuza.

Muundo wa mpangilio wa Henderson

Henderson alizaliwa Cuthbert, katika jimbo la Georgia, akasomea kemia Atlanta, na akahamia New York mwaka 1920. Bendi aliyoiongoza ilipitiwa na wapigaji mashuhuri, akiwemo Louis Armstrong na Coleman Hawkins. Mipangilio yake ya mwanzo iliandikwa zaidi na Don Redman, ambaye aliondoka mwaka 1927. Ni katika miaka ya mwanzo ya 1930 ndipo kalamu ya Henderson mwenyewe ilipokomaa.

Muundo alioukamilisha hauwezi kuwa mgeni kwa msikilizaji aliyezoea nyimbo za kiongozi na waitikiaji. Ala za shaba, yaani tarumbeta na tromboni, huwekwa upande mmoja. Saksafoni na klarineti huwekwa upande wa pili. Upande mmoja ukitoa kauli, upande wa pili hujibu kwa kifungu kifupi kinachorudiwarudiwa. Ndani ya majibizano hayo huachwa nafasi ambamo mpigaji mmoja hubuni papo kwa papo. Nafasi hiyo ni sehemu ya mpangilio sawa na noti zilizoandikwa: urefu wake umepimwa, sauti zinazoizunguka zimepunguzwa kwa makusudi, na kinachofuata kimetayarishwa ili kumpokea mpigaji anapomaliza.

“King Porter Stomp” ni mfano unaofaa. Kipande hiki kilitungwa na Jelly Roll Morton, ambaye alikirekodi kwa piano peke yake mwaka 1923. Bendi ya Henderson ilikirekodi mwaka 1928, ikarudia mwaka 1932 na tena mwaka 1933. Rekodi hizo tatu hazifanani. Mengi yaliyomo yalipatikana kwa wapigaji kujaribu, kusikilizana na kukubaliana, na yale yaliyofaa yakabaki. Mwaka 1934 bendi ilivunjika, na Henderson akaanza kumuuzia mipangilio Benny Goodman, ambaye alihitaji vipande vipya kwa ajili ya kipindi cha redio cha Let's Dance katika shirika la NBC. Goodman alirekodi “King Porter Stomp” Julai 1935, Bunny Berigan akipiga solo ya tarumbeta. Mwezi uliofuata, mapokezi ya vijana katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, yaliifanya bendi hiyo kuwa maarufu nchini kote.

Kwa hiyo, karatasi inayoitwa leo mpangilio wa Henderson ni muhtasari wa miaka kadhaa ya kazi ya pamoja ya wanamuziki Weusi, uliokabidhiwa kwa bendi ya Wazungu iliyofunguliwa milango ambayo kwa wenzao Weusi ilifungwa. Goodman hakulificha deni hilo. Katika kitabu cha The Kingdom of Swing (1939) aliukiri mchango wa Henderson. Hata hivyo, kukiri kitabuni hakukubadili sikio la umma.

Kumbukizi bila okestra

Mwaka 1950 Henderson alipatwa na kiharusi kilichomwondoa katika muziki. Mwaka uliofuata Goodman alikutana tena na Teddy Wilson kwenye piano na Gene Krupa kwenye ngoma, na rekodi iliyotokana na onyesho hilo ikatolewa na kampuni ya Columbia kwa ajili ya mfuko wa kumsaidia Henderson. Kitendo hicho kilikuwa cha utu na chenye manufaa ya moja kwa moja. Kisanaa, hata hivyo, kina kinaya. Bendi ya watu watatu ndiyo isiyomhitaji kabisa mpangaji. Aliyeenziwa alitajwa kwenye jalada, lakini ufundi wake haukuwa kiini cha kilichosikika. Jambo hili linaonyesha tofauti kati ya kumheshimu mtu na kuiheshimu kazi yake, tofauti ambayo wahakiki wa muziki huu hawaipi uzito wa kutosha.

Kumbukizi ya waliokuwapo

Mwaka 1957, miaka mitano baada ya kifo cha Henderson, Rex Stewart aliwakusanya wapigaji wa zamani wa bendi hiyo, wakiwemo Coleman Hawkins, J. C. Higginbotham na Buster Bailey, kwa tamasha la Great South Bay na baadaye kwa santuri ya The Big Reunion. Wakati wa Henderson, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu. Santuri ndefu ya miaka ya 1950 iliondoa kikwazo hicho. Wapigaji walirefusha solo zao, na Hawkins alipiga kama mzee wa miaka zaidi ya hamsini aliyeyasikia mabadiliko yote ya jazi tangu ujana wake. Hakuiga rekodi zake mwenyewe. Mpangilio ulimpokea alivyokuwa siku hiyo, na kwa kufanya hivyo ulithibitisha kuwa nafasi iliyoachwa miaka ya 1930 bado ilikuwa wazi.

Kumbukizi ya makumbusho na kumbukizi ya mwanafunzi

Tangu miaka ya 1980 na 1990 zimeibuka okestra za urithi, mfano Smithsonian Jazz Masterworks Orchestra, zinazorejesha jukwaani muziki wa bendi kubwa kutokana na karatasi za zamani na rekodi. Faida yake haiwezi kupuuzwa. Msikilizaji husikia mpishano wa saksafoni na ala za shaba kwa uwazi ambao vinasasauti vya 1933 havikuweza kuunasa. Tatizo hujitokeza pale utaratibu huu unapofikishwa hatua ya kunakili hata solo. Solo ya Berigan ikipigwa noti kwa noti, jambo lililokuwa tukio hugeuka kuwa maandishi, na nafasi ambayo Henderson aliipima kwa uangalifu hufungwa. Isitoshe, kinachonakiliwa ni toleo la 1935. Matoleo ya bendi yake mwenyewe hubaki pembeni.

Mfano wa upande wa pili ni Sun Ra, aliyewahi kupiga piano katika bendi ya Henderson huko Chicago kati ya mwaka 1946 na 1947. Katika onyesho la Willisau, Uswisi, Februari 1980, lililotolewa kwa jina la Sunrise in Different Dimensions, alipiga “Yeah Man!”, “Big John's Special” na “King Porter Stomp”. Mwendo ni wa kasi na makundi ya ala hukwaruzana. Msikilizaji asiyezijua rekodi za awali anaweza kupoteza mipaka ya kauli na jibu, na hiyo ni hasara halisi. Lakini majibizano yenyewe yana uhai, na mpigaji wa solo hajui mapema atakachosema. Mwanafunzi huyu alihifadhi mazoea ya kazi ambayo karatasi haiwezi kuyabeba.

Hitimisho

Imebainika kuwa Henderson aliandika vitu viwili kwa pamoja: noti na nafasi. Okestra za urithi hulinda cha kwanza, Sun Ra alilinda cha pili, na kundi la Rex Stewart lilikaribia zaidi kuvilinda vyote kwa sababu wapigaji walikuwa ndio sehemu ya historia ya mpangilio. Njia hiyo haipo tena, kwa kuwa kizazi hicho kimekwisha. Mipangilio mingi iliyoandikwa kwa Goodman imo katika mikusanyo yenye jina la Goodman, ukiwemo ule wa Chuo Kikuu cha Yale, na hivyo hata katika hifadhi Henderson angali mpangaji kwa maana ile ya pili. Inapendekezwa kwamba okestra inayomuenzi ianze na rekodi za bendi yake za 1928 hadi 1933 kabla ya karatasi za 1935, itaje katika programu yake wapigaji waliochangia kila kipande, na iziache solo mikononi mwa wanaopiga usiku huo.