Orodha Mbili za Bwana Mkubwa

Ukikaribia mwisho wa African Game Trails, kitabu ambacho Theodore Roosevelt alikitoa mwaka 1910 baada ya karibu mwaka mzima wa kuwinda Afrika Mashariki, utakutana na orodha mbili. Moja ni ya wanyama aliowaua yeye na mwanawe Kermit: 512 kwa jumla, wakiwemo simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Nyingine ni ya vitabu. Mzee alibebewa maktaba porini (alibebewa, maanake sanduku lilikaa kichwani mwa mtu), vitabu kama 60 vilivyojaladiwa kwa ngozi ya nguruwe ili jasho, damu na mafuta ya bunduki visiviharibu. Shakespeare yumo. Homer yumo. Anatuambia bila haya kwamba alikuwa akisoma mchana chini ya mti, pengine kando ya mzoga wa mnyama aliyetoka tu kumwangusha.

Nimekisoma kitabu hiki mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta orodha ya tatu, ile ya ardhi. Ilikuwa ya nani, ikachukuliwa na nani, ikauzwa ekari ngapi, kwa nani. Mtu aliyeweza kuhesabu kila swara aliyempiga risasi, hiyo hesabu hakuiweka.

Kwani kuna haja gani ya kumfufua mzungu wa 1909? Kuna haja, kwa sababu kule kwao bado anafufuliwa kila mara ardhi ya umma ikitaka kuuzwa. Juni 2025, Seneta Mike Lee wa Utah aliingiza kwenye mswada mkubwa wa bajeti kipengele cha kuilazimisha serikali kuu ya Marekani kuuza kati ya ekari milioni 2.2 na milioni 3.3 za ardhi ya umma katika majimbo 11 ya magharibi. Alisema ni za kujenga nyumba. Waliomjia juu si wanamazingira peke yao. Wawindaji walipaza sauti, na wengi wao ni watu wa chama chake mwenyewe. Kabla ya mwezi kwisha kipengele kikaondolewa. Mwaka 2017 mbunge mwingine wa Utah, Jason Chaffetz, aliondoa mswada wake wa kuuza ekari milioni 3.3 kwa njia hiyo hiyo, akaweka mtandaoni picha yake akiwa amevalia nguo za kuwindia, amemshika mbwa, kama mtu anayeomba radhi kwa wakwe.

Kwa msomaji wa Nairobi hili linahitaji kufafanuliwa kidogo, maana kwetu neno mwindaji linaleta picha mbili tu: tajiri wa kigeni mwenye kofia, ama mtu mwenye nyaya za mitego kwenye gunia. Kule magharibi ya Marekani mwindaji anaweza kuwa fundi wa magari. Analipia leseni, anapanda milimani msimu ukifika, anatafuta elki mmoja wa kujaza friza hadi mwaka ujao. Hana ranchi. Ranchi za watu humtoza pesa asizoweza. Ardhi ya umma ndiyo mahali pake pa pekee, na ikiuzwa, atakuta lango na kufuli.

Mnyama naye anaumia kwa namna ambayo ramani haionyeshi vizuri. Elki na kulungu wa huko hukaa juu milimani wakati wa joto, kisha theluji ikianza kuanguka huteremka mabondeni kutafuta malisho. Kuna kulungu wa Wyoming wanaosafiri kilomita 240 hivi kila msimu. Sasa fikiria kama broka: ni kipande kipi cha ardhi ya umma utakachouza haraka? Si kile cha kileleni. Ni cha chini, karibu na mji, karibu na barabara na stima. Yaani palepale mnyama anapopitishia baridi. Huhitaji kuuza mlima mzima ili umalize kulungu wake. Uza sehemu ya chini tu.

Roosevelt aliyajua haya. Akiwa rais, kuanzia 1901 hadi 1909, alitenga ekari kama milioni 230 za misitu, hifadhi na mbuga zisiingie mikononi mwa watu binafsi. Ndiyo maana jina lake linatajwa kama la mtakatifu. Halafu, Machi 1909, anatoka ofisini, na Aprili anashuka Mombasa.

Hapo ndipo kitabu kinapoanza kunikera, na pia kinapoanza kuwa na maana. Mtu aliyezuia ardhi isiuzwe kwao anafika hapa na kushangilia inapogawiwa. Anashuka kwenye treni Kapiti, tambarare unazopita ukienda Mombasa kwa barabara, na kupokewa kwenye mashamba ya wenyeji wake: Sir Alfred Pease kule Kitanga, William Northrup McMillan kule Juja, baadaye Lord Delamere kule Njoro. Anawasifu wote. Ni watu wa kazi, anaona, wanaofungua nchi. Delamere alikuwa amepewa ekari 100,000 mwaka 1903 kwa kukodishwa miaka 99, na sheria ya 1915 ingekuja kurefusha muda wa namna hiyo hadi miaka 999. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ndiyo iliyompa kamishna mamlaka ya kuuza na kukodisha ardhi ambayo serikali iliihesabu kuwa haina mwenyewe. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904. Roosevelt alipita hapo katikati. Mwaka 1911 wangehamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia, na 1913 wangepeleka kesi mahakamani na kushindwa.

Kama mwandishi, tusimnyime haki yake. Anaona. Anajua kongoni anavyosimama juu ya kichuguu kulinda wenzake, na sentensi zake kuhusu nyanda zilizojaa wanyama hadi upeo wa macho zina pumzi ndefu ambayo waandishi wengi wa safari hawakuwa nayo. Hata Kiswahili anakijaribu. Anasema watu walimwita "Bwana Makuba", na mwanawe wakamwita "Bwana Maridadi". Hilo la pili nalipenda sana; lina harufu ya watu wanaocheka jioni kambini mkubwa akishalala. Wabeba bunduki wa Kermit anawataja kwa majina, Juma Yohari na Kassitura, Mswahili Mwislamu na Mkristo kutoka Uganda. Lakini wanachofikiri kuhusu zile maiti 512 hatukisikii. Wako pale kama vile miti ilivyo pale.

Sura inayosifiwa zaidi, na kwa haki, ni ile ya Wanandi na simba, karibu na Sergoit. Mashujaa wanamzunguka simba kwa ngao na mikuki, duara linakaza, simba anaruka, mtu mmoja anajeruhiwa, na mikuki inaingia. Imeandikwa vizuri mno. Roosevelt yuko juu ya farasi pembeni, na kwa mara chache kitabuni hafyatui risasi, anatazama tu na kustaajabu. Ukisoma haraka utadhani ni heshima. Mimi naisoma na tarehe mkononi. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905. Wanandi walikuwa wametoka kushindwa vitani, wamesukumwa kutoka sehemu ya ardhi yao, na miaka kama minne baadaye mkuki ule ule unaitwa uje kumfurahisha mgeni. Uwindaji wao umegeuzwa onyesho. Mkuki umeruhusiwa kwa siku moja, kwa kuwa mgeni anatazama.

Siku zingine haukuruhusiwa. Sheria za wanyama za mkoloni zilidai leseni ya pesa, na Mwafrika aliyewinda chakula kwa upinde au mtego akawa mhalifu. Mwanahistoria Edward Steinhart alikiita kitabu chake cha 2006 Black Poachers, White Hunters, na jina hilo limemaliza nusu ya kazi: tendo ni moja, ila mweusi ni jangili na mweupe ni mwindaji. Waulize Waata wa Tsavo, mabingwa wa upinde mkubwa wa kuwindia tembo. Tsavo ikawa hifadhi 1948, na katikati ya miaka ya 1950 kampeni ya kupambana na ujangili ikawapeleka wengi wao jela. Walipoteza ardhi kwanza, halafu wakapoteza jina la kazi yao.

Hapa Mmarekani anayepinga kuuzwa kwa ardhi ya umma naye ana swali la kujibu. Umma upi? Mwaka 1895 watu wa Blackfeet waliiuzia serikali ya Marekani sehemu ya milima yao huko Montana, wakiwa na njaa na bila nguvu ya kukataa. Walibakiza kitu kimoja kwenye makubaliano: wangeendelea kuwinda humo maadamu ingebaki ardhi ya umma. Mwaka 1910, mwaka ule ule Roosevelt alipotoa kitabu chake, ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Glacier. Serikali ikasema hifadhi si "ardhi ya umma" tena kwa maana ya makubaliano yale, na haki ya kuwinda ikaisha. Hakuna lango lililohitajika. Neno moja lilitosha kufunga mlima.

Nalitaja hili kwa sababu maandishi yetu kuhusu wanyamapori yamerithi macho ya Roosevelt kuliko tunavyokubali. Tunaangalia bunduki. Filamu, makala, hadithi za watoto shuleni: ndovu, pembe, jangili, askari wa KWS jioni jua likizama. Bunduki ni kweli iliua. Kati ya 1973 na 1989 tembo wa Kenya walishuka kutoka zaidi ya 160,000 hadi chini ya 20,000, na hiyo ni kazi ya risasi. Lakini uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba tangu mwaka huo huo wanyama wa nyanda zetu za malisho wamepungua kwa karibu asilimia 68. Marekani, wanakowinda kila msimu, elki wamepanda kutoka chini ya 100,000 mwanzoni mwa karne iliyopita hadi karibu milioni moja. Sisemi turudishe leseni za kuwinda. Nchi yenye polisi wetu na matajiri wetu, hapana asante. Nasema hadithi yetu imemwekea mnyama adui mmoja tu, na adui wa pili anapita mbele ya macho yetu na faili kwapani.

Huyo wa pili ni hati. Hifadhi ya Nairobi ina kilomita za mraba 117 tu, na nyumbu wake hawakuwahi kuishi humo peke yake; mvua ikinyesha walikuwa wakitoka kusini kwenda Kitengela na Kaputiei, maelfu kwa maelfu. Kitengela kisheria haikuwa ardhi ya umma. Ilikuwa ranchi ya kikundi, ya pamoja, na kwa nyumbu tofauti hiyo ya wanasheria haikuwa na maana yoyote, njia ilikuwa wazi. Ikagawanywa. Kila mwenye kipande akapata hati, mwenye hati akapata shida ya karo ya shule, broka akapata namba yake ya simu. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua. Weka dola 4 upande mmoja wa mizani, upande wa pili weka bei ya ploti ya hamsini kwa mia. Siwezi kumlaumu mzee aliyeuza. Leo kwenye njia ile ya nyumbu kuna magorofa, mawe ya machimbo, na mabango ya "hati tayari".

Ardhi ya umma yenyewe tumeifanya shamba la bibi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilijaa misitu, viwanja vya shule na ardhi za utafiti zilizogawiwa wenye jina. Karura ilisalia kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa, Januari 1999, wakiwa na miche mikononi. Hao watu waliandamana. Mwindaji wa Wyoming anampigia seneta wake simu akisema hapo ni pangu. Sisi wengine wa mjini, pori tunalijua kama mahali pa kulipia getini, kwa hiyo likipungua tunapoteza picha za wikendi, basi. Nadhani ndiyo sababu tunalilia tembo aliyeuawa lakini hatujui la kusema mbele ya tangazo la ploti. Wengi wetu tunachanga kwenye chama ili tuinunue. Nami nimo kwenye chama kimoja kama hicho.

John Mbaria na Mordecai Ogada, katika The Big Conservation Lie cha 2016, walifungua mlango kwa kuuliza ni nani anayepata kusimulia wanyama wetu. Wachache wamepita pale kwa hadithi za kubuni. Nataka riwaya ambayo mhusika wake mkuu ni mpimaji ardhi. Si mwizi, si malaika. Ana deni, ana pikipiki, ana vijana wawili wa kumbebea vyuma. Nataka anichukue hadi Juja Farm, pale Roosevelt alipolala kwa McMillan, ambapo sasa inauzwa ploti kwa ploti, anionyeshe anavyohesabu hatua kutoka bikoni moja hadi nyingine kwenye nyasi. Nataka mwandishi aijue bei ya kila kipande na jina la aliyekiuza, kwa uangalifu ule ule ambao Bwana Mkubwa aliutumia kuwahesabu simba wake 17. Na kama swara atapita humo, apite tu, mpimaji ainue kichwa, amtazame akitafuta mahali pa kutokea kwenye waya, kisha arudi kwenye daftari lake kwa sababu mteja anapiga simu.