Umeme Umekwama Wapi?

Laptop yenye virusi husumbua, yenye kioo kilichopasuka hujionyesha. Isiyowaka haikusaidii kwa lolote: unabonyeza swichi, hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Kwa mwenye nayo huo ni msiba. Kwa fundi aliyeiva, ndiyo kazi yenye utamu, na ukikaa naye kwenye korido za maghorofa ya Kariakoo utagundua kwamba kinachomtofautisha na wababaishaji si wingi wa vifaa mezani. Ni anavyochelewa kushika bisibisi.

Kwanza anahoji.

"Ilizima yenyewe, dada, au uliizima?"

"Nilikuwa naitumia, fundi, umeme ukakatika. Uliporudi ndiyo ikawa basi tena."

"Na chaja ni hii hii?"

"Hiyo nimeazima."

"Haya. Haijamwagikiwa na kitu? Kabla yangu nani ameifungua?"

Swali hilo la mwisho ndilo zito, maana bodi iliyokwisha kupita mikono mingi huja na ugonjwa wake pamoja na majeraha ya waliojaribu kuitibu.

Baada ya hapo anapima chaja. Nyingi zinatakiwa kutoa volti 19 au 19.5, na mita ikisoma pungufu ya hapo safari inaweza kuishia kwenye kununua chaja. Ya Type-C ina tabia yake: huanza na volti 5, kisha hupanda, mara nyingi hadi 20, pale tu chaja na laptop zinapokuwa zimeelewana. Ikiganda kwenye 5 wakati chaja ni nzima, fundi ameshapata pa kuanzia kabla hajalegeza skrubu hata moja. Anatoa betri, anashikilia swichi nusu dakika ili chaji iliyobaki ndani iishe. Anachomoa ramu, anaisafisha meno, anairudisha. Anamulika kioo kwa tochi, kwa sababu zipo zinazowaka vizuri kabisa ila taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Laptop si chache hupona hapa hapa, na fundi mwaminifu hutoza kidogo.

Zisizopona ndizo zinazofika kwenye bodi. Hapo inafaa kujua kwamba swichi ya laptop haiwashi kitu; inaomba tu. Ombi linakwenda kwa chipu ndogo ambayo muda wote inakesha kwa volti 3.3. Chipu hiyo ikiridhika, mlolongo unaanza kama faili la kiwanja linavyopanda ofisi za ardhi: kila meza inasubiri muhuri wa meza iliyotangulia. Zile 19 lazima ziwe zimeingia na kuzaa 3.3 na 5 za kusubiria. Ramu inapata yake, 1.2 kama ni DDR4. Prosesa inakuja karibu na mwisho, nayo hunywa takriban volti moja au chini ya hapo. Muhuri mmoja ukikosekana, vyote vya mbele vinabaki gizani, hata kama ni vizima.

Ndiyo maana fundi anaacha chaja na kuunganisha bodi kwenye pawa saplai ya mezani yenye kioo cha kuonyesha ampea. Anachokisoma pale ni tarakimu mbili tatu tu, lakini zinatosha. Sifuri tupu: umeme haujavuka mlango, basi atazame jeki, fyuzi na mosfeti za mwanzo. Sehemu ndogo sana ya ampea, mfano 0.02: bodi inakesha, inasubiri kuombwa. Akibonyeza swichi ikaruka kisha ikaanguka, ombi limesikika na likakataliwa njiani. Ikipaa hadi kikomo hata kabla ya kubonyeza, hiyo ni shoti.

Shoti ndiyo humpima fundi. Kwenye njia moja ya umeme kunaweza kuwa na kapasita kadhaa, vijiwe vidogo kuliko punje ya mchele, zote zimeungwa sambamba. Moja ikipasuka ndani, ukiweka mita juu ya yoyote unasikia mlio ule ule, kana kwamba zote zimekufa. Mwanagenzi anazing'oa moja baada ya nyingine. Au anapuliza joto bodi nzima, inawaka siku mbili, inarudi. Na akigusa koili za prosesa na mita ikasoma chini ya omu chache, anatangaza kifo, wakati prosesa nyingi husoma hivyo zikiwa na afya tele.

Mjuzi anapitisha volti moja tu kwenye njia yenye shoti. Haweki 19, kwa sababu mosfeti iliyotoboka inaweza kuzipeleka moja kwa moja kwenye prosesa, na hapo laptop itakuwa imekufa kweli. Kisha anapaka spiriti juu ya bodi na kuinamisha uso. Bodi yote inang'aa kwa unyevu. Anaongeza ampea kidogo. Kando ya koili, doa dogo linakauka kabla ya mengine, na kijiwe kimoja kinabaki kikavu peke yake. Hicho ndicho kinachochemka. Anakinyanyua kwa hewa ya moto na kibano, anapima tena, mlio umekoma. Anakibadilisha kwa kingine alichokitoa kwenye bodi ya spea.

"Yaani hela yote hiyo kwa kidude hicho?" mteja atauliza. Kidude chenyewe ni bei ya kutupa. Kinacholipiwa ni vile vyote ambavyo havikung'olewa.

Yapo pia yasiyotengenezeka. Ikiwa kinachochemka ni prosesa yenyewe, fundi wa aina hii hasemi "niachie hadi Ijumaa". Anasema bodi imekwisha, na kununua nyingine kunaweza kuzidi thamani ya laptop. Diski ikiwa nzima na ya kuchomoa, anaitia kwenye kasha la USB, na dada anaondoka na kazi zake zote za chuo, huku laptop ikibaki kuwa spea.