Jinsi Shauku Inavyotiwa Katika Santuri

Aghalabu wasikilizaji hudhani kuwa wimbo wa mahaba huwashwa na maneno yake. Nami nashika rai iliyo kinyume, kwamba katika nyimbo zetu zilizo bora maneno huzuiliwa kwa makusudi yasiitaje haja, na haja yenyewe ikaachiwa ala. Huku Baray, karibu na Ziwa Eyasi, ambako Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyiramba hukutana katika mashamba ya vitunguu, na Kiswahili kwa wengi si lugha ya mama, wimbo wa marehemu Mbaraka Mwinshehe ukipigwa jioni malori yanapopakiwa, hata asiyeyashika maneno yote hutambua, bila ya kuambiwa, kuwa kuna mtu anaungulika.

Ustadi huo ni wa zamani. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV, upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua muda wa kiasi cha dakika tatu tu, na katika ufinyu huo hapakuwa na nafasi ya kupoteza hata pumzi. Mwimbaji alitoa mshororo, akanyamaza. Fidla na udi vikaidaka nafasi ile na kuyarudia mahadhi yale yale. Mpenzi hakutajwa: palitajwa ua, au ndege, au chombo kilicho baharini. Lakini fidla haina vigawanyo shingoni mwake, kwa hiyo kidole huweza kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine pasipo kuruka, na katika kuteleza huko, ambako ndiko kuugua kwenyewe, yalisemwa yote ambayo stara iliyakataza ulimi.

Muziki wa dansi uliirithi hila hiyo ukaipanua. Bendi iliyotaka kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam ilipeleka kwanza mashairi yake yakaguliwe; kisha wanamuziki wote, waimbaji, magitaa, tarumbeta na ngoma, walipiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache, na mmoja akikosea, wimbo ulianzwa upya. Maneno yakiwa yamekwisha kupimwa na wakaguzi, uhuru ulibaki katika vidole. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za zama zile zina sehemu mbili: kwanza masimulizi ya taratibu, malalamiko na kubembeleza; halafu chemko, ambapo gitaa la solo huingia mbele, la ridhimu likalishikilia, na besi ikaenda mbio. Katika santuri ndogo zilizotolewa Nairobi, wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, ikambidi msikilizaji ainuke na kuigeuza sahani ili apate utamu aliokuwa akiungoja. Na kungoja, nani asiyejua, ni nusu ya mahaba.

Katika muziki huo Mbaraka alikuwa na fadhila ya ziada, maana ndiye aliyeimba na ndiye aliyepiga solo: sauti iliyoomba ikikoma, mkono wa yule yule huendeleza ombi. Alipokwenda Osaka na bendi yake ya Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, alipiga mbele ya watu ambao Kiswahili kwao kilikuwa kigeni kabisa, na gitaa halikuhitaji mkalimani.

Siku hizi mtayarishaji huunda mdundo kwanza katika kompyuta, na mwimbaji huja baadaye, peke yake, akatia sauti juu ya sauti yake mwenyewe. Anayemjibu ni yeye. Maneno yakibebeshwa mzigo wote, hulazimika kusema wazi. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilipoufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz mnamo Novemba 2018, mjadala ulikuwa wa maadili. Mimi nahuzunishwa zaidi na hasara ya sanaa, kwani haja ikishatajwa kwa jina, ala hubaki bila ya kazi. Wala si kwamba vijana hawana uwezo. Diamond huyo huyo, katika "Kamwambie" iliyomtoa, hasemi na mpenzi wake. Anasema na mjumbe, na kila asikilizaye hujikuta yeye ndiye aliyetumwa.