Ufundi wa Kufungwa

Kushangilia ushindi hakuhitaji ufundi. Kazi ipo kwenye kufungwa, na hapo shabiki wa Taifa Stars alihitimu kitambo. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipolifananisha soka letu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu anajifunzia kunyoa, wengine wangenuna. Sisi tuliichukua kauli hiyo tukaifanya mali yetu, na mpaka leo haijachuja.

Utani huu wa mashabiki haukuzaliwa uwanjani. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, kisha wakawa watani. Msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka alipwe. Analeta vurugu, lakini kazi za msiba anazifanya. Simba na Yanga wamerithi sheria hizo hizo: mcheke aliyefungwa, na zamu yako ikifika, vumilia. Ugumu unakuja timu ya taifa inapocheza. Kwenye kibanda umiza jezi nyekundu na ya njano zinabanana benchi moja, na wa kumrushia dongo hayupo. Inabidi mtu ajitanie mwenyewe. Kwangu mimi, huo ndio utani wa daraja la juu.

Januari 2024, tuko kwenye AFCON ya Ivory Coast. Simon Msuva ametufungia mapema dhidi ya Zambia, na kabla ya mapumziko wenzetu wamebaki 10. Tulishiriki fainali hizi mara ya kwanza mwaka 1980, na ushindi hatujawahi kuuonja, sasa unanukia. Kibandani ni jasho tupu, feni moja inajikongoja, na kadiri dakika zinavyoyoyoma ndivyo wasemaji wanavyopungua. Sauti ikatoka nyuma: "Mwenye kibanda, zima hapo hapo, tuseme tumeshinda!" Watu hoi kwa kicheko. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Yule bwana alisema kabla ya bao, na ufundi wake uko hapo. Hofu ya wote aliitoa hadharani bila kumwaibisha yeyote. Angesubiri bao liingie, angepigwa chupa.

Kwenye AFCON ya Misri mwaka 2019 tulipata mtani wa kweli: Kenya. Tuliongoza mara mbili, tukalala 3–2, Michael Olunga akitufunga mawili. Majirani walitusimanga siku nne. Julai 1, usiku mmoja, Algeria wakatupiga 3–0, na Senegal wakawapiga Wakenya 3–0 vilevile. Wote tukafungasha. Kwa utani wa namna hiyo shabiki hana cha kuongeza.

Wapo wanaosema vicheko hivi vinatuzoesha kushindwa. Sikubali. Aliyekata tamaa hatanii, amekwenda kulala. Wanaotania ndio hao hao unaowakuta na kalamu, wakipiga hesabu za nani afungwe na nani atoke sare ili sisi tupite. Na hesabu hizo zimewahi kujibu: AFCON ya 2025, Morocco, Stars ilivuka makundi kwa pointi mbili, bila kushinda hata mechi moja. Ikaenda kutolewa na wenyeji kwa bao 1–0 katika hatua ya 16 bora.

Fainali za 2027 zimepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Wakenya, karibuni Dar. Ile 3–2 hatujaisahau.