Mrija Hufunguliwa Mara Mia Saba kwa Mwaka

Mtoto aliyekatwa utumbo ukabaki kipande hawezi kukua kwa maziwa peke yake. Mwaka 1968 Douglas Wilmore na Stanley Dudrick walieleza jinsi mtoto mchanga huko Philadelphia, Marekani, alivyolishwa kupitia mshipa mkubwa wa damu akaongezeka uzito na kukua. Tangu hapo watoto wa namna hii wamekuwa na njia ya kuishi: mrija laini unaoishia karibu na moyo, unaopitisha sukari, protini, mafuta na madini. Ubaya ni kwamba kijidudu kinachoingia humo hakikutani na ngozi wala tumbo. Kinafika moja kwa moja kwenye damu. Kwa hiyo swali la kitabibu ni kijidudu hicho kinaingilia wapi, na jibu langu ni kwamba kwa watoto hawa tuutazame zaidi mdomo wa mrija, pale unapofunguliwa kila siku, kuliko siku ulipowekwa.

Kwa muda mrefu macho yote yalikuwa kwenye siku ya kuuweka, na si bure. Katika jimbo la Michigan, mradi ulioongozwa na Peter Pronovost, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2006, ulisisitiza mambo machache: kunawa mikono, kujifunika gauni na shuka safi, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja na kuutoa mrija usiohitajika. Wastani wa maambukizi ukashuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za mrija. Wodi 29 za watoto mahututi nchini humohumo zilipofuata nyayo hizo na kuongeza kanuni za utunzaji wa kila siku, maambukizi yalipungua kutoka 5.4 hadi 3.1. Katika ripoti yao ya mwaka 2010 kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko tarakimu zenyewe: kilichoambatana na kupungua zaidi kilikuwa utunzaji wa kila siku. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha sababu. Mrija wa mtoto anayelishwa usiku nyumbani huwekwa mara moja, lakini huunganishwa jioni na kutenganishwa asubuhi. Hizo ni mara 730 kwa mwaka, bila kuhesabu dawa na vipimo vya damu. Kila mara, mtu hushika kiungio chenye upana wa ncha ya kidole, hukisugua kwa pamba ya spiriti kwa sekunde 15 hivi, kisha hungoja kikauke. Kungoja huko ndiko kunakorukwa, hasa mtoto akilia na pampu ikipiga kelele; na spiriti inahitaji muda huo kuua vijidudu.

Mtu anaweza kusema kwamba takwimu za wodi 29 ni za kabla na baada, hazina kundi la kulinganisha. Ni kweli, na peke yake zisingenitosha. Lakini zinakubaliana na tunachojua kuhusu bakteria, ambao hujenga utando ndani ya mrija, kama ukoga wa meno, na antibayotiki hupata shida kuupenya. Pingamizi zito zaidi ni kwamba utumbo mgonjwa wenyewe huvujisha bakteria kwenye damu, hata mikono ikiwa safi vipi. Hilo nalikubali, ndiyo maana hakuna wodi inayopaswa kuahidi sifuri. Wengine hutegemea kuujaza mrija spiriti ya asilimia 70 kwa saa kadhaa wakati hautumiki. Tafiti za watoto zinaonyesha inasaidia sana, ila nyingi ni ndogo na zimechambua kumbukumbu za nyuma. Tena spiriti hiyo hudhoofisha mirija ya poliuretani, na ikikutana na heparini hufanya chembechembe zinazoziba njia, kwa hiyo yafaa kwa mirija ya silikoni iliyosafishwa kwanza kwa maji ya chumvi. Na hata dawa hiyo huingizwa kwa kufungua kiungio kilekile. Aliye na fedha ya jambo moja tu aitumie kumfundisha muuguzi na mama kufungua mrija, awaone wakifanya kwa mikono yao, na arudi kuwaangalia tena baada ya miezi michache.