Mke Amesinzia Kitini

Katika semina yetu ya insha hapa Mlimani tulisoma "Decline of the English Murder" ya George Orwell, iliyotoka katika jarida la Tribune Februari 1946. Insha inahusu mauaji, na jinsi Waingereza walivyofurahia kusoma habari za wauaji magazetini, lakini inaanzia mezani. Ni Jumapili alasiri, ikiwezekana kabla ya vita. Mlo umekwisha: nyama ya ng'ombe ya kuoka na pudini ya Yorkshire, au nguruwe na rojo la matofaa, kisha pudini nyingine nzito, kisha chai ya rangi ya mbao. Wewe umenyoosha miguu kwenye kochi na gazeti mkononi. Watoto wametumwa kutembea. Mke amesinzia kitini.

Mwenzetu mmoja akauliza: hivi hawa watu bado wanapika hicho chakula nyumbani, au kimebaki vitabuni? Darasa likacheka. Mwalimu akasema hilo ni swali la wanasosholojia, turudi kwenye matini. Mimi nina dada Leeds, na Leeds ni Yorkshire kwenyewe, kwa hiyo nikalituma swali WhatsApp chini ya meza.

Jibu likaja usiku, ujumbe wa sauti, upepo ukivuma nyuma yake. "Mdogo wangu, unauliza nyumba ipi? Mimi Jumapili naingia nyumba nne."

Dada anatunza wazee majumbani mwao. Nilitaka jibu la ndiyo au hapana ili nirudi nalo darasani nijigambe. Alichonipa kimenifanya nizisome upya matini zote za chakula hiki nilizokuwa nimezipita mbio, na naandika hapa kwa sababu nadhani tulizisoma vibaya, mimi kwanza.

Nianze na neno. Sisi tuna rosti, na asili yake ni neno lao hilohilo, ila lilipofika kwetu tukalitia mchuzi: maini rosti, ndizi rosti, nyama rosti ya mgahawani. Chakula chao ni kikavu. Pande zima la nyama linaingia katika oveni bila mchuzi wowote, na grevi inatengenezwa mwishoni kwa mafuta na majimaji yaliyodondoka kwenye trei. Hata hiyo oveni ni mambo ya baadaye. Mpaka majiko ya chuma yalipoenea katika karne ya 19, nyama ya namna hii ilizungushwa kwenye chuma mbele ya moto wa wazi, na pudini ikawekwa chini yake idake mafuta. Hannah Glasse, katika kitabu chake cha mapishi cha 1747, anaieleza pudini ya Yorkshire hivyo hivyo. Mwingereza wa wakati huo angeelewana vizuri na mchoma nyama wetu wa Msamvu. Sijui kama angemwelewa kitukuu chake.

Mwaka uliofuata, 1748, William Hogarth alichora "The Gate of Calais", picha ambayo kila anayeandika juu ya nyama ya Waingereza huitaja. Ipo Tate Britain, London. Mimi nimeiona kwenye skrini tu. Katikati mpishi analemewa na pande kubwa la nyama ya ng'ombe. Mtawa mnene ameligusa kwa kidole na macho yamemtoka kwa uchu. Askari wa Kifaransa, wamechakaa, wameshika supu yao ya maji maji wakiitazama. Pembeni amekaa Mskoti aliyekimbia kwao baada ya uasi kushindwa, hana kitu. Kejeli haijajificha: sisi tunakula nyama, ninyi mnakunywa maji. Hogarth mwenyewe yumo, nyuma kushoto, akichora, na mkono wa askari unamfikia begani, kwa kuwa kweli alikamatwa Calais akidhaniwa jasusi.

Wachambuzi husema hii ndiyo picha ya taifa linalojitambua kwa nyama yake, na ni kweli. Mimi nimeanza kuona kitu kingine. Nyama iko Ufaransa, inapelekwa kwenye nyumba ya wageni, imebebwa na mtu wa kulipwa. Katika picha maarufu kuliko zote za nyama ya Kiingereza hakuna familia, hakuna meza, hakuna Jumapili.

Sasa Charles Dickens. Ukiuliza watu waliosoma A Christmas Carol (1843) wanakumbuka nini kuhusu chakula, watakutajia bata bukini wa akina Cratchit, familia ya karani maskini iliyobanana mezani ikimshangilia ndege mdogo kana kwamba ni tembo. Si chakula cha Jumapili, ni cha Krismasi, lakini fuatilia huyo bata ametoka wapi. Watoto wamenusa harufu yake nje ya duka la mwoka mikate wakajua ni wao, kisha wakatumwa kwenda kumchukua. Akina Cratchit hawana oveni. Kurasa chache kabla, mitaa ya London imejaa watu maskini wanaobeba milo yao kuipeleka kwa waoka mikate. Hii Dickens hakuibuni. Ndivyo familia nyingi za wafanyakazi zilivyopata nyama ya kuoka siku ya Jumapili: tanuri la mwoka mikate lilikuwa bado na moto, unalipa kidogo, unaacha chombo chako, unakwenda kanisani au unabaki kitandani, unarudi kukichukua. Walikuwepo wabunge waliotaka shughuli za namna hiyo zipigwe marufuku kwa heshima ya Sabato, na Dickens aliwaandikia kijitabu cha hasira mwaka 1836. Katika hadithi anamfanya Scrooge amuulize mzimu kwa nini unataka kuwanyima maskini mlo wao wa siku ya saba.

Ndiyo maana swali la mwenzetu, "bado wanapika nyumbani?", limenisumbua. "Bado" inadai kwamba kulikuwa na wakati ambapo wote walipika nyumbani. Kwa Cratchit na jirani zake wakati huo haukuwepo. Ulikuja polepole, kwa jiko la gesi na nyama ya bei nafuu, na nyama hiyo mara nyingi haikuwa hata ya kwao: mwaka 1882 meli iitwayo Dunedin ilifika London na shehena ya kwanza ya kondoo waliogandishwa kutoka New Zealand, na baada ya hapo paja la kondoo la Jumapili lingeweza kuwa limesafiri baharini miezi mitatu. Kisha vita. Mgao wa nyama ulianza Machi 1940 na haukuisha mpaka Julai 1954. Orwell alipoandika mwaka 1946 juu ya ile alasiri tamu, msomaji wake hakuwa na pande la nyama la kumlaza kochini. Ndiyo maana ya yale maneno "ikiwezekana kabla ya vita". Hata kwa Orwell mlo ulikuwa umeshapita.

Desemba 1945 Orwell huyohuyo aliandika katika Evening Standard akitetea mapishi ya Kiingereza, na akakiri kwamba chakula kizuri cha Kiingereza hukipati nje ya nyumba ya mtu. Leo, kwa maelezo ya dada, mtu akikosa pa kula Jumapili anakwenda baa, na ubao mlangoni umeandikwa bei ya sahani: ng'ombe, kuku, nguruwe, na siku hizi ya wasiokula nyama pia.

Nirudi kwenye nyumba zake nne. Hakunitajia majina wala mitaa, na hata angenitajia nisingeandika.

Nyumba ya kwanza, mzee aliyefiwa na mkewe. Saa saba dada anamtolea kwenye friza trei ya plastiki yenye vyumba vidogo: vipande vitatu vya nyama, karoti, viazi, pudini moja ya Yorkshire ya ukubwa wa kikombe. Maikrowevu, dakika saba. Mzee husisitiza iwekwe kwenye sahani ya udongo na kisu na uma vipangwe, maana ni Jumapili. Nyumba ya pili, bibi huchukuliwa na mwanawe kwenda baa. Kazi ya dada ni kumvisha na kumfunga viatu. Ya tatu hawali chochote cha namna hiyo, ni familia yenye asili ya Pakistani, na dada anasema Jumapili hiyo nyumba inanukia kama kwetu. Ya nne ndiyo anayoipenda. Binti wa yule bibi huja saa nne asubuhi na paja la kondoo au kuku mzima. Anachemsha viazi kidogo, anavitikisa kwenye sufuria mpaka vichubuke, anavitupa kwenye mafuta ya moto. Unga wa pudini anaukoroga mapema akauacha utulie, kisha anaumimina kwenye trei ambayo mafuta yake yameanza kutoa moshi, na ole wako ufungue mlango wa oveni kabla ya wakati. Huku bibi, ambaye hakumbuki jina la binti yake, anamwelekeza kutoka kwenye kiti. Zamani, alimwambia dada, pudini ililetwa kwanza, peke yake na grevi, ili watoto washibe wasiimalize nyama. Nyama ilitakiwa ifike Jumatatu, siku ya kufua, iliwe baridi.

Kwa hiyo jibu la swali ni ndiyo, hapana, kwa namna fulani, na siyo chakula chao. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini niliisoma tena aya ya kwanza ya Orwell, mara hii kwa sauti, na nikakwama kwenye "wewe". Kama yetu, "wewe" ya Kiingereza haina jinsia. Sentensi ya kwanza inamkaribisha kila msomaji. Ukifika kwa mke aliyesinzia ndipo unagundua mlango ulikuwa wa upande mmoja: "wewe" ni mwanamume, ameshiba, anasoma. Mke yuko pale kama kochi lilivyo pale. Orwell, mtu aliyeingia migodini akapima kwa miguu yake umbali ambao mchimbaji anatembea bila malipo kabla hajaanza kazi, haulizi kwa nini mke amesinzia. Nilijua jibu bila kuuliza. Kuoka viazi, mboga tatu, pudini na grevi vyote vifike mezani vya moto pamoja ni kazi ya asubuhi nzima, na huyo ameamka kabla ya wote. Usingizi wake ndiyo alama pekee ya jikoni katika ukurasa ule, na mwandishi ameuweka kama pambo la utulivu.

Sisemi hivi ili kumtia Orwell hatiani. Nasema kwa sababu nilisoma insha ile mara tatu na kumwona mke mara ya nne tu, na najua kilichonizuia. Kwetu Morogoro, Jumapili baada ya misa ilikuwa pilau, kuku, kachumbari. Mama na dada walikuwa jikoni. Mimi na baba tulikuwa kwenye kochi, yeye na gazeti, mimi na simu. Baada ya kula, dada aliosha vyombo, mama alilala kitini mdomo wazi, nasi tulipunguza sauti ya televisheni tukijiona watu wema. Nimewahi kuandika insha ya darasani kuhusu pilau hilo. Nilipata A. Hakuna mtu anayeosha chombo ndani yake.

Dada aliondoka Septemba 2024, miezi sita baada ya serikali ya Uingereza kuwazuia watunzaji wapya kutoka nje kuja na watoto wao. Mwanawe wa miaka saba anaishi na mama. Pilau la Jumapili liliendelea miezi miwili hivi, likawa wali na maharage, likawa kiporo. Nilimlaumu mama kimoyomoyo kwamba ameacha desturi. Ilinichukua insha ya Mwingereza kuhusu mauaji kuelewa kwamba desturi ilipanda ndege, sasa iko Leeds, inapasha trei ya mzee wa watu kwenye maikrowevu.

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro nikapika mwenyewe. Pilau liliungua chini na likabaki bichi juu. Mama alikula, mpwa wangu akasema, "Mjomba, hii ni ya mama wa dukani?" Sikumwelewa mpaka leo, lakini hakikuwa kisifa.

Usiku ule nilimwandikia dada swali moja zaidi: yule binti wa nyumba ya nne, wakishamaliza kula, hufanya nini? Husinzia?

"Anaosha vyombo," akajibu. "Mimi nikishika sahani ananiambia niache, nikae nami nile kidogo. Sikai. Dakika zangu pale ni thelathini, na nyingi zimeshaishia bafuni na bibi."